Feruzi ya Mama Haina Mwezi

Mke wa kaka yangu ana duka la mapambo kule Rohero, hapa Bujumbura, na mimi siupendi hata mlango wake. Ni mlango wa kioo. Ukiusukuma kengele inalia, na kabla hujaingiza mguu wa pili ameshakuuliza, "Ulizaliwa mwezi gani?" Haulizi habari za nyumbani wala za watoto. Anauliza mwezi. Nyuma yake ukutani kuna bango kubwa lenye miezi yote na jiwe la kila mwezi: wa kwanza ni grena nyekundu, wa pili ametisti ya zambarau, wa tano zumaridi, wa sita lulu, na kuendelea hivyo mpaka wa kumi na mbili, ambao ni feruzi. Chini ya kila jiwe imeandikwa kazi yake. Hili linaleta mume, hili linapoza hasira, hili linamlinda msafiri. Mawe yenyewe yamepangwa kwenye vibakuli, kila mwezi na kibakuli chake, na mengi ni vioo vya rangi vilivyokuja kutoka Dubai ndani ya mfuko wa plastiki. Nasema hivyo kwa sababu mfuko wenyewe niliuona.

Katika mji huu, chukua karangamuntu ya mtu yeyote wa umri wa mama yangu, kile kitambulisho chetu, uisome. Utakuta alizaliwa tarehe mosi mwezi wa kwanza. Jirani yake pia, na shemeji ya jirani yake. Walizaliwa mtama ukipurwa, walizaliwa mvua ikichelewa, walizaliwa wiki ile aliyokufa ng'ombe wa fulani, na karani aliyekuja kuwaandika hakuwa na mahali pa kumwandika ng'ombe. Akaweka tarehe mosi, mwezi wa kwanza, akamwita anayefuata. Hili kila mtu analijua. Wifi yangu analijua vizuri, maana mama yake mzazi naye ni wa tarehe mosi. Lakini grena ndiyo inayotoka sana dukani kwake. Watoto wanakuja kuwanunulia wazazi wao, yeye anafunga vijisanduku vyekundu na kusema, "Karatasi ni karatasi."

Ningemwacha na karatasi zake kama asingegusa mkono wa mama yangu.

Mama anaishi nami Gasenyi, na haoni. Macho yalimwingia ukungu kidogo kidogo, hospitali wakasema tumechelewa, na sasa anaijua nyumba kwa vidole. Kidole kimoja kilikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la feruzi. Baba ndiye aliyemvisha siku ya ndoa yao. Baba alikuwa dereva wa lori, Bujumbura na Dar es Salaam, kwenda na kurudi, akamwambia kwamba feruzi ni jiwe la watu wa njiani. Linapokea pigo ambalo lingempata msafiri, na msafiri akiwa pabaya, rangi yake inabadilika. Baba alifia kitandani kwake, mzee, amelala, kwa hiyo mama hana la kulishtaki jiwe lile. Kisha kaka yangu akashika usukani, na feruzi ikaendelea na kazi yake kwa mtoto.

Mimi naikumbuka ikiwa buluu kabisa. Lakini mama alikaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na maandazi pale Buyenzi miaka na miaka bila kuivua, na feruzi ni jiwe linalokunywa. Ilikunywa mawese, ikanywa sabuni, ikanywa jasho, mpaka ikawa kijani, kijani cha mboga iliyolala. Hilo mama hakuliona. Macho yalikuwa yameshamwacha. Kila asubuhi alininyooshea mkono na kuniuliza, "Leo iko rangi gani?" nami namjibu, "Buluu, Mama." Anashusha pumzi, anakunywa chai. Sikuona aibu kumjibu hivyo na hata leo sioni. Mimi nafanya kazi kwenye depo moja ya Zone Industrielle, ambako malori yanashusha mizigo. Kaka akifika, namwona kabla ya mkewe. Sikuhitaji jiwe la kunipa habari zake.

Kabla ya Idi mama alikuwa amekonda, na pete ikawa inamtoka akinawa. Wifi akaja na ile sauti yake ya dukani. "Mama, nipatie niipeleke kwa fundi. Ataikaza kidogo tu." Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, kwa kuwa hata mtu usiyempenda anaweza kukaza pete. Mama akamwachia. Kaka aliondoka na lori kwenda Dar wiki hiyohiyo.

Siku ya Idi tumekaa kwenye mkeka, sahani za pilau zimeshaletwa, wifi akaingia na kijisanduku chekundu. Akapiga magoti mbele ya mama, akamvisha pete, akainua uso ili sote tumwone alivyo mwema. Mama akaipitishia kidole gumba. Ile feruzi ilikuwa na mgongo wa mviringo na mfereji mwembamba mweusi uliopita katikati, kiasi cha ukucha kuingia. Kidole kikaenda kikarudi kikitafuta ule mfereji.

"Hii iko na pembe," mama akasema.

"Ni grenat, Mama. Ni jiwe ya mwezi yako. Ile ingine ilishazeeka."

"Mwezi yangu? Mi nilizaliwa banapura mtama. Mwezi wa kwanza nilipewa na karani. Alikuwa na njaa, alitaka kwenda kula."

Watu wakacheka. Wifi naye akacheka, akidhani mambo yamekwisha.

"Jiwe yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Mama, na grenat inalinda watu wa safari. Imeandikwa pale kwa bango."

"Mi sikuuliza bango."

Akaivua ile pete, akaichomeka katikati ya pilau, akaisukuma sahani mbele. "Pelekea mama yako," akasema. "Yeye pia ni wa tarehe mosi."

Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi mpaka nikaona haya kucheka mbele ya wageni. Lakini furaha yangu haikufika mbali, kwa sababu mama hakuivuta tena ile sahani. Jioni nilimletea uji akageuza uso. Kesho yake vilevile. "Mutoto wangu iko barabarani, hana kitu cha kumuchunga," akaniambia. "Jiwe ikirudi, nitakula."

Mwanzo nilidhani ni hasira, na hasira ya mama naijua, inaisha ukiipa muda. Hii haikuisha. Alikunywa chai ya rangi tupu. Kikombe akawa anakishika kwa mikono miwili. Kutwa nzima kidole gumba kilikuwa kinasugua pale pete ilipokuwa, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Niliogopa. Mtu mzima kama yule, mwembamba kama yule, akikataa chakula hana akiba ya kula kutoka mwilini. Nikampigia wifi simu, nikamwambia arudishe jiwe. Akanijibu, "Wifi, unamudekeza sana. Atasikia njaa atakula." Halafu akaniambia ana wateja.

Damu ilinichemka. Niliomba ruhusa kazini nikashika njia ya Rohero kwa miguu, maana mafuta hayakuwepo mjini na mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni za vituo vya mafuta. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno yangu. Nilikuwa nayo mengi, mengine tangu siku ya harusi yake.

Kengele ikalia. Ndani kulikuwa na mteja mmoja, mama wa ofisini, mkoba mzuri, amekaa kwenye kiti cha wateja na kiganja wazi. Wifi alikuwa amemwinamia. "Hii ni zumaridi ya zamani, madame," anamwambia. "Za sasa hazina rangi kama hii. Kwa mutu wa mwezi wa tano, hii tu."

Nikatazama kile kiganja. Jiwe la kijani, mgongo wa mviringo, mstari mweusi katikati.

Asiyekujua hakuthamini, wazee walisema, lakini huyu alikuwa amevuka hapo. Alilitoa jiwe la mama mkwe wake kwenye pete, akaona ni la kijani, akalitia kwenye kibakuli cha mwezi wa tano. Feruzi, ambayo kwa bango lake mwenyewe ni ya mwezi wa kumi na mbili! Hata uongo wake alishindwa kuuheshimu.

"Madame, hiyo rudisha," nikasema. "Hiyo si ya kuuza."

Yule mama akafunga ngumi. "Mi nimeshachagua."

"Wifi, tafadhali, si hapa," wifi akasema, na huku akimtabasamia mteja.

"Hapa hapa. Madame, hiyo si zumaridi. Ni ya mama yangu, na ameikaangia ndagala tangu mi sijazaliwa. Inuse."

Akanusa. Kwa kweli akaileta puani na kunusa. Sijui alisikia harufu gani, lakini aliliachia jiwe juu ya kioo cha kaunta, akafuta kiganja kwenye sketi, akachukua mkoba wake akatoka. Kengele ikamlilia.

Nililidaka lile jiwe kabla halijaviringika. Wifi akanibenulia midomo.

"Umenifukuzia cliente kwa sababu ya ka jiwe kameoza."

"Haka kameoza ndiko kanamuchunga bwana yako njiani! Mama hakuli kwa sababu yako. Anasema mutoto wake ameenda bila kitu. Akifa na njaa, utamuambia nini bwana yako akirudi?"

"Ayo ni mambo ya ushirikina."

"Na ile iko ukutani ni nini?"

Akageuka akalitazama bango lake kana kwamba kuna mtu mwingine aliyelitundika. Nilikuwa bado na maneno mengi ya kumpa, yale ya tangu harusi, lakini yeye alikuwa ameshachukua simu. Akapiga. Nilisikia ile sauti ya mwanamke wa mtandao ikisema mtu hapatikani. Akapiga tena. Akaweka simu chini, akaichukua, akapiga mara nyingine.

"Ulisema naye lini?" nikamuuliza.

"Jana asubuhi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akafunga duka mchana kweupe, watu wanapita na pesa zao. Hakuniomba msamaha. Alichukua ile pete aliyoondoka nayo siku ya Idi, akanitazama kwa macho makali kama mimi ndiye niliyeitia grena, akasema, "Twende kwa fundi."

Tukaenda Buyenzi, lakini si pamoja. Mimi mbele, yeye nyuma, kati yetu nafasi ya mtu wa tatu. Viatu vyake vya dukani havikuwa vya safari ile na sikumpunguzia mwendo. Kila nilipogeuka nilimwona na simu sikioni. Fundi alikuwa ndani ya kibanda chake, yuleyule aliyelitoa jiwe. Akaitazama feruzi, akatutazama nyuso zetu, akaona heri afanye kazi. Aliing'oa grena, akaiweka feruzi mahali pake, akaukunja ukingo wa fedha kuizunguka kwa kuugonga taratibu. Wifi hata hakukumbuka kuichukua ile grena. Ni mimi niliyemwambia, "Mali yako hiyo," naye akaitupia mkobani bila kuitazama.

Kutoka hapo mpaka Gasenyi ni mwendo, na tuliumaliza vilevile, mimi mbele, yeye nyuma.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Nilimshika mkono nikamvisha. Kidole gumba kikapanda juu ya jiwe, kikashuka, ukucha ukaingia kwenye mfereji ukatulia humo. Uso wake wote ukalegea. "Eee," akasema. "Ni yenyewe."

Nikaona kazi yangu imekwisha. Nikamtazama wifi ili ajue ni nani aliyeirudisha.

"Iko rangi gani?" mama akauliza.

Nikafungua mdomo kusema buluu.

"Kijani, Mama," wifi akasema.

Kama ingewezekana kumpiga mtu mbele ya mama yangu, ningempiga. Nilimkata jicho la kumkausha, lakini hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia ule mkono.

"Kijani?" mama akasema polepole.

"Kijani kabisa. Tangu nimeolewa naiona hivyo. Mi nilifikiri ni rangi yake." Sauti ya dukani haikuwepo tena. "Mama, simu yake haipatikani. Nimepiga, nimepiga. Alinielezea jiwe inageuka mutu akiwa pabaya. Kama iko kijani hivi, na mi ndiye niliitoa..."

Nikaingilia. Nikawaambia yuko mpakani, mpakani hakuna mtandao, malori yanalala pale kwenye foleni, mimi nayajua malori, kila siku nayaona. Nilieleza vizuri na kwa sauti. Hakuna aliyenigeukia.

Mama akanyoosha mkono wake mwingine hewani, akipapasa. "Kuja hapa, mukazana wangu," akamwita mke wa mwanawe. Wifi akakaa chini kwenye saruji, na nguo zake zile, akaegemea goti la mama akalia kama mtu aliyefiwa. Mama akawa anampigapiga mgongoni taratibu. Walikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na jasho la safari yote ile mgongoni.

Kisha mama akaniambia, "Leta chakula. Sahani mbili."

Nikaleta. Mama akala, taratibu, lakini akala, na mwenzake akala. Nilisubiri mpaka wifi alipokwenda kunawa, nikainama nikamuuliza mama kwa nini hamkasirikii mtu aliyemletea habari kama ile, na ambaye kabla ya hapo aliling'oa jiwe lake akataka kuliuza.

"We na buluu yako ulikuwa unanilaza, mwanangu," akasema. "Ulifanya vizuri. Lakini huyu anaogopa kama mi."

Kaka alipiga simu kesho yake. Alikuwa mpakani, kwenye foleni, kama nilivyosema, analalamika kwamba maharage ya pale yana mawe. Aliporudi na lori lake nilimwona mimi kwanza, pale depo, mzima, amenenepa. Nikadhani mambo ya pete yameishia hapo na kila mtu atarudi mahali pake.

Wapi! Sasa wifi anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Kaka akiwa njiani, anakuja mapema zaidi. Anapita mbele yangu jikoni na salamu ya mdomo tu, nami namrudishia ileile. Anamshika mama mkono, anausogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Kijani, Mama." Mama anauliza, "Kijani ya namna gani?" Naye anaeleza: hapa kwa mstari imezidi kidogo, hapa iko kama jana. Halafu wanapiga simu, wote wawili vichwa vimegusana juu ya simu moja, na asipopatikana wananyamaza pamoja. Dukani kwake bango liko palepale. Bado anawauzia watoto wa watu grena za tarehe mosi, bado akiniona mlangoni ananiuliza nilizaliwa mwezi gani, nami namjibu nilizaliwa siku ya kuchoshwa na watu. Sijampenda. Sitaki mtu anisomee hapa kwamba nimempenda.

Juzi mvua ilinyesha vibaya. Bonde la huku kwetu lilijaa maji ya matope, barabara ikakatika, wifi hakuweza kupita. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mkono uko tayari juu ya goti, kiganja chini. Kaka alikuwa ameondoka na lori siku chache nyuma. Nikaacha chai jikoni, nikaja, nikauchukua ule mkono, nikausogeza dirishani kama anavyofanya mwenzangu. Nikaitazama feruzi vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Kijani, Mama," nikamwambia. "Na hapa kwenye mstari imezidi kidogo."

Aliuacha mkono wake ndani ya wangu kwa muda. Nilidhani ataniuliza ni kijani cha namna gani.

"Kaka yako atafika?" akauliza.

"Atafika, Mama. Anafika kila mara."

Akaitikia kwa kichwa, akautoa mkono wake polepole, bila ukali, kama mtu anayechukua kitu chake alichokuwa amekiazimisha.

"Haya," akasema. "Rudi kwa chai yako. Mi nitamungoja mwenzangu."

Akageuza uso upande wa mlango, na kidole gumba kikarudi kwenye mfereji.